Makohozi Hubembelezwa

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu tele, kapu na kifuniko chake. Goti limepoa? Wanao wanakusikia, au bado vichwa maji? Sisi huku tunapumua, na habari yenyewe ni hiyo ya kupumua.

Kifua changu unakijua tangu nilipokuwa nikishindilia pamba kwenye magodoro. Sasa binti yangu, yule uliyembandika jina la Kijiti, anasomea kufundisha wagonjwa mazoezi, na mwalimu wake anasema mkono kama ule hajapata kuuona. Wengine wamejifungua, mdogo wangu, mimi nimezaa! Kila asubuhi hunikalisha kitini, mabega chini. Navuta hewa polepole kwa pua mpaka mbavu zitanuke, naizuia nikihesabu hadi tatu, kisha naitoa kwa mdomo wazi, haaa, kama mtu anayesafisha miwani. Kukohoa kwa nguvu kanikataza. Anasema makohozi hubembelezwa, hayafukuzwi. Yakipanda nayatema kikombeni, naye anaandika rangi yake daftarini. Daftari hilo ndilo mtihani wake wa mwisho. Ijumaa mwalimu anakuja kunitazama. Nilimwambia nitavaa gauni la harusi, akacheka hadi akashika ukuta.

Lakini roho yangu iko mkononi. Siku ya tisa leo yanatoka na michirizi ya damu. Ya kwanza nilisingizia fizi. Ya pili nilisukutua, nikatema tena, nikaiona palepale. Tangu hapo naamka kabla yake, nafanya zoezi chooni, namwaga maji, halafu mbele yake natema mate matupu. Anaandika kwamba ni safi. Juzi alinikumbatia akasema mama umepona, nami nikaitikia! Nilijidai naulinda mtihani wake. Ukweli ni kwamba naogopa kuambiwa ni nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani hayo ni ya watu wengine.

Leo sikumwaga. Kikombe kiko hapa mezani, nimekifunika kwa sahani. Anarudi kutoka chuoni saa kumi. Ukisoma haya atakuwa ameshajua. Njoo upesi, lakini usije kwa ajili yangu. Mimi nitakuwa na madaktari. Njoo ukae na mwanangu, umwambie mpaka akubali kwamba hakukosea yeye, aliyekosea ni mama yake.

Nisalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi dada yako,
Mama Kijiti