Ile Sauti ya Wimbi kwa Mgongo Yako

Boke osiepna, rafiki yangu,

Ni mimi, Akelo wa samaki omena. Mkono unaoandika ni wa Robi, msichana wako, mimi kalamu sijui. Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Robi anasema nitulie, ataandika aje mtu akitembea hivi. Wacha aandike.

Soko ya Migori iko tu. Pale ulikuwa unauzia wimbi ya uji amekaa mama wa ndizi, mdomo kama redio, hata wewe ungenyamaza. Lakini si hiyo imenileta.

Wiki jana nesi alikuja sokoni na kile kitu ya kuskizia kifua, imeungwa na simu. Nikamwambia, hapa mashini ya unga inalia, utaskia nini? Akasema simu inaondoa hiyo kelele, inabakisha moyo peke yake, inachora. Yangu ikachora vilima viwili viwili, katikati tambarare. Ya Robi, katikati imejaa mistari kama nyasi. Nesi akarudia mara tatu. Mwisho akaniwekea moyo ya Robi kwa masikio. Boke, hiyo sauti niliijua. Shwaa, shwaa.

Unakumbuka nikikupaka mafuta mgongo, nikiweka sikio? Nikakuambia kuna mtu anapepeta wimbi huko ndani. Ukasema, "Basi mwambie aniletee uji." Tukacheka. Miguu ikafura, ukawa unalala umekaa, na mimi nikakuita askari wa ghala. Nikasema ni baridi tu ya kifua, hospitali ya nini, nitakupaka tena. Sikio yangu iliskia kabla ya simu yoyote, na haikujua. Hiyo ndiyo hainiachi nikae.

Nesi anasema mlango ya moyo haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Lakini simu inashuku tu, lazima moyo upigwe picha Homa Bay. Robi hataki. Anasema haumwi. Wewe pia ulisema huumwi, mpaka ile asubuhi nikakupata kwa kiti, umepoa... Robi, andika hiyo. Usiruke.

Ameandika. Sasa anauliza tunatoka saa ngapi.

Ni kesho asubuhi. Akiogopa kile kitanda ya picha, nitapanda mimi kwanza, na hii nguo yangu ya samaki, watavumilia. Sitampaka mafuta nikamwambia ni baridi. Hiyo nakuahidi.

Basi lala, Boke. Lala chali, unyooshe miguu. Sitakucheka tena.