Kilichokuwa Ndani ya Mpini

Dutwa, Bariadi
14 Juni 1996

Mwanangu Milembe,

Mwangaluka. Huku tu wazima, ila mvua zilikatika mapema na pamba imetoka fupi. Mwili wako unaendeleaje, hasa lile bega?

Umeuliza ushindani ni nini hasa, kwa kuwa siku hizi neno hili halikosekani redioni. Ushindani ni hali ambamo wawili wanataka kitu kimoja kisichogawanyika, na kabla ya kuanza wamekubaliana ni nini kitakachoamua. Sharti la pili ndilo kiini. Wanunuzi binafsi wanaogombania pamba na ushirika hapa sokoni hawajakubaliana lolote, hata mizani. Huo ni ugomvi. Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wakicheza katika uwanja mmoja, upande uliovuta watazamaji wengi umeshinda, na kila upande unajua kuwa mwenzake ana dawa ya kuvutia watu. Dawa imo katika makubaliano yao. Katika tenisi haimo. Huko huamua mpira peke yake. Ndiyo maana sikukuzuia kufuata mchezo uliouanza kwenye uwanja wa saruji wa kiwanda cha kuchambua pamba, ingawa majirani husema nimelea binti wa kugombana na ukuta.

Bibi yako anakusalimu. Anauliza kama raketi aliyokufungia mpini bado i imara.

Baba yako,
Boniventura

Nairobi
2 Julai 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na bibi hamjambo. Bega limepona.

Nimeshinda mechi yangu ya kwanza ya kulipwa, nami nimepata pointi itakayoliingiza jina langu katika orodha ya dunia. Sijui nimeshindaje. Generoza wa Kampala alikuwa akiniongoza seti ya tatu, tano kwa mbili. Ghafla utepe wa mpini ukapasuka ukaning'inia, na chini yake kikaonekana kitambaa chekundu cha ngoma cha bibi, kimeshonwa kama kifuko. Nilijua bibi ameufunga mpini. Sikujua amefungia nini ndani. Generoza akasogea wavuni.

"Dada, hicho ni nini?"

"Sijui."

"Hujui? Mpini wako mwenyewe?"

"Aliyeufunga ni bibi yangu."

"Bibi! Basi malizana na bibi yako."

Akachukua mkoba wake akatoka. Refa alimwita, hakugeuka. Nikabaki na ushindi kama mtu aliyeshikishwa mtoto stendi, na mama mtu asirudi.

Sijathubutu kukifungua. Wenzangu sasa hutazama mpini kabla ya kunitazama usoni. Mwezi ujao tutakutana na Generoza huko Harare. Kama ni dawa, nitaomba pointi hiyo ifutwe, hata kama sitapata nyingine. Muulize bibi.

Mwanao,
Milembe

Dutwa
20 Julai 1996

Mwanangu,

Salamu nyingi. Tu wazima, ingawa barua yako nilianza kuisoma nimesimama na kuimaliza nimekaa.

Nilimwendea mama yangu jikoni kwa hasira ambayo sijapata kumwonesha. Aliwaimbia Wagika miaka mingi. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nikamuuliza amekuwekea dawa gani. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Ng'wanawane, mwanangu, pamba! Pamba ya shambani na mbegu zake. Mti ule wa raketi mwembamba, na mkono wa mtoto unatoka jasho. Nikapoteze dawa kwenye mchezo usio na ngoma?"

"Na kitambaa chekundu?"

"Ulitaka nichane shati lako?"

Kwa hiyo Generoza alikimbia pamba. Kifungue mbele yake, aone mwenyewe, kisha mcheze. Hapo makubaliano yatakuwa yamerudi.

Baba yako,
Boniventura

Harare
11 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini pamba imeuzika, na bibi bado anacheka.

Nilifanya ulivyosema. Kabla ya mechi nilikata uzi mbele ya Generoza. Zikadondoka mbegu chache, na pamba iliyogandamana kwa jasho langu. Akaiokota, akainusa.

"Pamba! Yaani nimekimbia pamba, na kwetu tunailima!" Akanikumbatia. Kisha akanifunga sita sifuri, sita moja.

Mpini uliniteleza tangu mpira wa kwanza. Wakati wa kupumzika niliuzungushia utepe hadi ukarudi unene ule ule, mkavu kabisa. Bado uliteleza. Tukibadilishana pande nilikuta mkono wangu mfukoni, umekishika kile kitambaa chekundu. Baba, hapo nilishtuka kuliko Nairobi, maana uwanjani pale mimi ndiye niliyekuwa na barua yako inayosema ni pamba tu.

Generoza aliamini ni dawa, akaniachia mechi aliyokuwa akiishinda. Mimi nilijua si dawa, nikashindwa nilipoitoa ile pamba. Pointi bado ni yangu, na sijui kama niirudishe. Ukizipima mechi hizi mbili kwa maana uliyonipa, baba, ni nini kilichoamua?

Mwanao,
Milembe