Kitambaa cha Meza ya Mama Lin

Ijumaa, 16 Machi 2012. Brussels. Manyunyu tangu asubuhi, ile mvua ambayo unaona aibu kuifungulia mwavuli, kisha unafika dukani umelowa mpaka soksi.

Nimeamka na hasira, nimekunywa chai na hasira, na sasa naandika huku mashine zinazunguka. Kesho binti wa Mama Lin anakuja na karatasi za nyumba ya wazee. Mama akitia saini, ataondoka.

Mama Lin ndiye mwenye nyumba hii. Mimi nina duka la dobi hapa chini, karibu kabisa na Matonge, mtaa wa Wakongo, na yeye anakaa juu yangu. Yeye na mumewe walikuwa na mgahawa wa Kichina, na vitambaa vya meza vya mgahawa ule ndivyo vilivyonitoa kwenye kufagia ofisi za watu. Hakuna aliyenipa kitu. Nilipiga hesabu, nikajinyima, nikanunua mashine ya kwanza, kisha ya pili. Leo ninazo sita. Nayasema haya kwa sababu binti yake bado ananiita "yule mama wa usafi".

Mzee Lin alifariki mwezi wa kumi. Tangu hapo mkewe amezima. Hatoki, haoshi kikombe, hafungui pazia. Ukimuuliza anaumwa nini anagusa kifua: kizito. Anagusa tumbo: halitaki. Kulia halii, na kwamba ana huzuni hakuambii ng'o. Daktari alisema ni sonona, akaandika vidonge. Vidonge viko juu ya friji, na supu niliyompelekea Jumanne iko ndani ya friji, na utando juu.

Binti anaishi Auderghem, kule kwenye hewa nzuri karibu na msitu. Si mtoto mbaya, hilo nakubali kwa shingo upande. Anasema mama yake anahitaji watu, na kwenye nyumba ile ya wazee wapo watu. Ndiyo, wapo. Wanaongea Kifaransa na Kiflemi, na Kifaransa cha Mama Lin ni cha jikoni, kama changu cha miaka ya kwanza: moto, haraka, bei gani.

Na mimi nilikosea vilevile. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye klabu ya wazee ya manispaa. Kahawa, keki, mazoezi ya kunyoosha mikono mkiwa kwenye viti. Nilihesabu watu thelathini na wawili, nikafurahi kama nimeshinda bahati nasibu. Mama Lin alikaa na koti lake mwilini na mkoba mapajani mpaka tulipoondoka. Thelathini na wawili, na kwake yeye kilikuwa chumba kitupu.

Furaha, rafiki yangu wa Bukavu mwenye saluni kule kwenye Galerie, ule ujia wa maduka wa Matonge, alinicheka.

"Weye dada, banakulipa kwa ile kazi? Ule mama iko na mutoto yake. Bon, batu bataanza kusema unatafuta nyumba."

Wameshaanza kusema. Na nisijifanye mtakatifu humu: Mama Lin akiondoka, nyumba itauzwa, na mashine sita hazibebwi kichwani. Hilo nimeliwaza. Nimeliwaza zaidi ya mara moja, nikijua sahani zake ziko juu hazijaguswa.

Basi, limeandikwa.

Lililonifumbua macho ni kitambaa. Kila Alhamisi juu yangu palikuwa na kelele za mahjong, ule mchezo wao wa vigae, kraka kraka kama mtu anamwaga kokoto. Wachezaji wanne: Mama Lin, mumewe, Bibi Zhou na mdogo wake. Na kila Ijumaa asubuhi Mama Lin alinishushia kitambaa cha kijani cha ile meza, kina madoa ya chai na mafuta ya karanga, akinisimulia nani kashinda na nani kaiba. Cha mwisho alikileta wiki aliyofariki mzee. Nilikifua, nikakipiga pasi, na kikabaki kwenye rafu yangu mpaka jana.

Jumatatu nilimuuliza waziwazi: kwa nini rafiki zako hawaji?

"Hapa pana msiba," akasema. "Siwezi kumwita mtu kwenye msiba. Wangetaka, wangekuja."

Nikafunga duka mchana kweupe, kitu nisichokifanya hata nikiwa na homa, nikapanda basi kwenda kwa Bibi Zhou. Ana duka la chai na tambi karibu na Bourse, katikati ya jiji. Nikamuuliza swali lilelile, nikageuza tu upande.

"Hajatuita," akasema. "Nani anakwenda na mchezo kwenye nyumba yenye msiba? Mwenye nyumba ndiye anafungua. Tumekaa tunamsubiri. Mdogo wangu anasema Mama Lin hatutaki sisi tena."

Nilibaki nimeshika pakiti ya tambi, kichwani niko Tanga. Kwetu mjane akimaliza eda, wanawake wanamjia. Wanamwogesha, wanamvika, wanamtoa nje, wala hawamuulizi kama yuko tayari. Huyu mama hakuna aliyemtoa. Huku mlango umefungwa kwa adabu na kule umefungwa kwa adabu, na katikati mtu anakauka.

Nikamwambia Bibi Zhou, basi msiende kucheza. Kuna kitambaa chake dukani kwangu. Mpelekeeni tu, mimi goti linauma, ngazi zinanishinda.

Akaniangalia juu ya miwani. "Nimekuona ukiruka kutoka kwenye basi. Goti lako ni zima kuliko langu."

"Linauma nikipanda."

"Alhamisi," akasema, bila kutabasamu.

Jana ndiyo Alhamisi. Walikuja saa nane, wamevaa kama wanakwenda ubalozini. Bibi Zhou alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, mdogo wake akabeba machungwa na kisanduku ninachokijua, cha vigae. Wakapanda. Nikazima mashine zote nisikie.

Hata kiti hakikuburuzwa.

Furaha alikuwa amepita kuchukua taulo za saluni. Akasimama na mzigo wake, macho darini. Kisha kikaja kilio. Si kwikwi, kilio chenyewe, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa Mama Lin hata siku ya mazishi.

"Unaona?" Furaha akanong'ona. "Unaona vile umefanya?"

Niliwaza binti akipigiwa simu, nikawaza kesho nitaitwa nani zaidi ya mama wa usafi. Kilio kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Nikaweka mguu kwenye ngazi, nikautoa. Furaha naye, pamoja na maneno yake yote, hakuondoka.

Kisha kiti kikaburuzwa. Kisha kraka kraka.

Halafu pakagongwa sakafuni kwa mkongojo, ndivyo Mama Lin anavyoniita. Nilipanda mbio, goti na yote. Pazia limefunguliwa. Kiti cha mzee kilikuwa kimesogezwa ukutani na kofia yake juu yake, na kwenye upande wake wa meza wakaniwekea stuli.

"Watatu hatuwezi," Mama Lin akasema. Macho mekundu, uso umevimba. "Kaa."

Mimi ninayepiga hesabu za mwezi mzima kichwani sikuambulia hata raundi moja. Mdogo wake Bibi Zhou alikuwa ananikokotolea kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Nilipotaka kutupa kigae fulani, Mama Lin akanichapa kofi mkononi. "Si hicho! Ndiyo maana duka lako dogo!" Wakacheka wote watatu, na mimi nikachukia kidogo, kwa sababu duka langu si dogo.

Mama Lin akamenya chungwa. Akala kipande. Akala kingine. Wote tukajifanya tunaangalia vigae.

Sijidanganyi. Alhamisi moja haiondoi sonona, na leo asubuhi bado kifua ni kizito, aliniambia mwenyewe. Nimemwomba anywe vile vidonge vyake pia; akanung'unika, akameza. Lakini hilo la kifua aliniambia akiwa amesimama mlangoni pa duka langu, saa tatu, amevaa viatu, na kitambaa cha kijani mkononi. Kina maganda ya karanga. Kina doa kubwa la chai upande wa stuli, ambalo ni langu.

"Safisha vizuri," akasema. "Alhamisi wanakuja."

Nimekiweka mezani hapa mbele yangu. Binti anaingia kesho saa nne na karatasi zake. Nikianza kumweleza habari za mlango na adabu, ataniambia nifue nguo. Mtu wa namna ile haamini maneno yangu, anaamini anachokishika kwa mkono wake.

Tangu nianze kazi hii hakuna doa lililotoka mlangoni mwangu na mteja. Ni jina langu lile.

Mashine imesimama, inasubiri. Nikifue, au nimkabidhi binti kitambaa kama kilivyo, na doa langu, nimwambie amuulize mama yake nani alimwaga?