Bado wa Banda la Kumi na Moja

Jumapili, 13 Januari 2019

Nimefunga bandeji miguu tisa kabla jua halijatoka. Farasi watatu miguu miwili miwili, na yule farasi mzee wa Daktari, mmoja wa wateja wangu, mitatu. Mgongo hauko nami leo.

Farasi wangu Bado amemaliza ndoo yote ya shayiri. Asubuhi amekimbia nusu maili kwa sekunde 48, na shingo ikabaki kavu. Niliitazama saa yangu mara mbili kwa sababu sikuiamini. Yuko tayari. Sijawahi kuwa na farasi aliye tayari hivi, wa mtu mwingine ama wangu.

Banda la kumi na moja lina vyumba 24. Mwaka juzi vyote vilijaa, na mtu mmoja kutoka Oklahoma akawa ananisumbua nimwachie kimoja. Leo nimehesabu farasi 15. Tisa ndio ninaowafunza: sita wa watu mbalimbali, wawili wa Daktari, na Bado, ambaye ni wangu peke yangu. Upande wa pili wa banda wamehamia panya.

Porojo za leo: uwanja utauzwa, utajengwa maghala. Porojo za jana: wabunge wa jimbo kule Austin watatuokoa. Nimechoka na zote mbili.

Jumatano, 16 Januari

Mbio za Bado hazikuandikwa tena. Zinahitaji farasi sita ndipo ofisi izitie kwenye ratiba. Zimepata wanne. Mara ya tatu mfululizo. Karani aliniambia pole kama mtu anayempa jirani pole ya mafua.

Wenye farasi wazuri wanawapeleka Louisiana, ambako kamari za mashine zinanenepesha zawadi. Hapa tunabaki sisi tusiotaka kuondoka na wale wasioweza. Mimi niko pande zote mbili.

Ijumaa, 1 Februari

Mvua tangu juzi. Hakuna mazoezi.

Binti yangu Njeri amekuja na vitabu vyake vya chuo, akasomea ofisini kwangu, yaani kwenye kile chumba cha matandiko chenye kiti kimoja. Ana miaka ishirini. Ndiye msaidizi wangu kwenye karatasi zote, na sahihi yake inatambulika kwa karani kama yangu. Mimi nazungumza Kiswahili, yeye mara nyingi ananijibu Kiingereza. Ndivyo tunavyoishi.

Alinikumbusha usiku ule Bado alipozaliwa. Jike aliyekuwa zizi moja na mama yake alizaa siku ya 340 ya mimba. Mama yake Bado akapitisha 350, akapitisha 355. Kila asubuhi Njeri akiniuliza kabla ya shule, mimi nikimjibu: bado. Siku ya 361 akatoka, akasimama kabla sijamaliza kumfuta. Jina likawa limeshapatikana. Mtangazaji wa mbio hulitamka kama anayeita mbwa.

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye uwanja wa farasi wa Nairobi kwa miaka 41. Aliwapiga brashi farasi wa watu, akawalaza, akawaamsha. Hakuwahi kumiliki hata mkia. Mimi nilianza hapa nikifua mashuka ya wagonjwa kule mtaa wa Alief, nikaja kuzoa samadi asubuhi na kufua mchana, mpaka nikapata leseni ya ufunzaji. Miaka 19. Bado ndiye farasi wa kwanza kuandikwa kwa jina la mtu wa kwetu. Naandika hili kwa sababu kuna siku nalisahau.

Jumatano, 6 Februari

Zimebaki wiki chache msimu uishe. Hakuna anayejua kama mwaka ujao kutakuwa na msimu. Bado anakula, anapigiliwa viatu vya chuma, na hakimbii. Farasi wa mbio asiyekimbia huanza kujiharibu. Ameanza kuuma mlango wa chumba chake.

Karani amenipa njia moja tu: mbio za bei. Hizo hujaa daima. Ukimwingiza farasi kwenye mbio za bei, mtu yeyote mwenye leseni anaweza kutumbukiza karatasi kwenye sanduku kabla ya mbio na kumnunua kwa bei iliyotangazwa. Huulizwi. Lango likifunguka tu, farasi ni wake, hata akivunjika mguu hatua ya pili.

Bei ni dola 7,500. Bado anastahili mara tatu ya hiyo, na kila mwenye macho anaona.

Nilipiga hesabu. Banda lina wafunzaji watatu tu, wote mikono mitupu. Wageni kutoka Dallas wamekuja mara mbili tu msimu huu. Nikasema uwezekano ni mdogo. Nikatia sahihi.

Bahati aliona karatasi mkononi mwangu. Bahati ni saisi wangu, Mkongo wa Uvira, hana leseni ya kitu kingine ila mikono yake inatosha. Akasema, "Mama Njeri, hii ni kumupeleka soko."

"Ni kumpeleka mbio."

"Soko iko na mbio pia."

Nikamwambia akaoshe ndoo.

Alhamisi, 14 Februari

Daktari anawatoa farasi wake wawili. Ni Mtanzania wa Sugar Land, daktari wa macho, mpole mpaka anaudhi. "Dada yangu, usinielewe vibaya," ananiambia kwenye simu. "Mimi nakuamini wewe. Uwanja ndio siuamini." Anataka wapelekwe Louisiana Jumamosi asubuhi. Ndiyo siku ya Bado. Nikasema sawa. Mbio zake ni za tano, alasiri. Nitaondoka saa kumi na moja, nitarudi kabla ya saa saba.

Kwa hivyo ninaowafunza watakuwa saba.

Ijumaa, 15 Februari

Ratiba imetoka. Farasi saba kwenye mbio za tano. Bado lango namba 4. Sina amani.

Jumamosi, 16 Februari

Naandika yote kwa mpangilio, maana nisipoandika nitaanza kuyapanga upya yanipendelee.

Saa kumi na moja nikaondoka na trela. Saa moja kasoro dakika chache nilikuwa karibu na Beaumont. Bahati akapiga simu. Mtu wa kofia ya kahawia, mgeni, amekuja bandani mapema, amesimama mbele ya chumba cha Bado, akachuchumaa kutazama miguu yake ya mbele kwa muda mrefu. Gari lake limeandikwa jina la mazizi ya Dallas. Hakumtazama farasi mwingine hata mmoja.

Nikapaki kando ya barabara. Nikaelewa kwamba nilifanya hesabu ya kijinga. Nilihesabu wanunuzi, sikuhesabu Bado.

Kujitoa kunaruhusiwa mpaka saa mbili asubuhi, mradi mbio zibaki na sita. Zilikuwa na saba. Nafasi moja ya kujitoa, na ilikuwa bado haijachukuliwa. Lakini ofisi inataka sahihi kaunta, yangu ama ya Njeri. Kutoka nyumbani Missouri City mpaka uwanjani ni dakika 45. Njeri alikuwa na saa nzima.

Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Njeri, amka mama. Nenda ofisi ya mbio, umtoe Bado. Kabla ya saa mbili. Usikose."

Akanijibu kwa dole gumba. Nikaendelea na safari. Hata nikaimba.

Nikashusha farasi wa Daktari, nikageuza. Saa saba kasoro kumi simu ikalia. Njeri, na sauti ya mtu anayejivunia.

"Mum, niko hapa, lakini wanasema nimechelewa. Waambie wewe. Bado kuna zaidi ya saa nzima."

"Umechelewaje? Ulifika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Si ulisema kabla ya saa mbili? Mbili ni two."

Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Nikamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Oh no. Mum. Oh no."

Nikamjibu neno ambalo silirudii hapa. Kisha nikasema, "Umeniuzia farasi wangu." Hilo nalirudia kwa sababu nililisema.

Foleni ilinishika, nikafika Bado akiwa ametandikwa tayari. Alinijua, akanisukuma bega. Nikamwambia joki ampande. Kungekuwa na nini kingine? Akakimbia robo tatu ya maili kwa sekunde 71. Akashinda kwa urefu wa farasi wawili na nusu. Ushindi mzuri kuliko wote niliowahi kuuona, na nilikuwa nautazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Mtu wa ofisi akaja na lebo nyekundu ya farasi aliyenunuliwa, akaifunga kwenye hatamu.

Mwenye kofia alikuwa mstaarabu. Alivua kofia. Aliniuliza kama kuna lolote anapaswa kujua kuhusu farasi huyu. Nikamwambia, "Hakuna."

Farasi huondoka na hatamu ya mmiliki mpya. Ile yetu Bahati aliitoa, akanipa. Ilikuwa na joto.

Jumapili, 17 Februari

Nimeosha ndoo. Zote. Na zile safi.

Alhamisi, 21 Februari

Njeri hali chakula nami. Anatoka kwenda chuo kabla sijarudi, anarudi nikiwa nimelala. Siku tano. Ameacha kadi yake ya usaidizi mezani, ile ya ofisi, na hakuniandikia kitu.

Nina hasira na uwanja, na wabunge, na Daktari, na mwenye kofia. Nina hasira na Njeri, lakini hiyo inaisha kila ninapoikagua. Tangu akiwa mdogo, mimi mwenyewe nilimwambia saa kwa Kiingereza. Shule ni eight. Basi ni seven fifteen. Daktari wa meno ni two. Nilimlea na saa za hapa kwa sababu sikutaka achelewe. Halafu siku moja katika maisha yake, nikiwa nimeogopa, nikamwambia saa kama Baba alivyokuwa akiniambia. Kichwa changu kikiogopa hurudi Nairobi. Chake hakina pengine pa kurudi.

Na si yeye aliyetia sahihi tarehe 6. Nililitazama daftari langu. Mwandiko ni wangu.

Nimekwenda chumbani kwake. Nikamwambia, "Njeri, mimi ndiye niliyemuuza. Wewe hukuwa kwenye kaunta siku nilipotia sahihi." Hakugeuka. Nikarudisha kadi juu ya vitabu vyake. Nikatoka. Huko ukumbini nikasikia analia.

Jambo jingine linanikera, na si kuhusu Njeri. Baba alipomkabidhi farasi kwa saisi mwingine, hata yule asiyempenda, alisimama naye nusu saa nzima akimweleza. Huyu anaogopa mwavuli. Huyu umguse sikio la kushoto kwanza. Mimi niliulizwa kwa adabu, nikatoa neno moja.

Jumatatu, 4 Machi

Bahati ana shemeji anayefanya kazi ya usaisi kwenye mazizi alikopelekwa Bado, huko karibu na Dallas. Leo amekuja amesimama mlangoni, anazungusha kofia yake.

"Mama Njeri, ile farasi yetu haikunywake mayi muzuri. Shemeji anasema mbavu zinaonekana. Banamupigia daktari ya farasi, daktari haoni kitu."

"Si farasi wetu, Bahati."

Alinitazama. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, amevuka mipaka mitatu kwa miguu, na hakuna namna ninavyoweza kumtisha.

"Mayi haijui ni ya nani," akasema, akaenda zake.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbili nimebeba simu. Jana nilifikiria: acha wajue wenyewe, walimtaka, wamemlipia. Nilifikiria hivyo kwa saa kadhaa. Sioni haya kuandika. Naona haya kwamba ilinipa raha.

Leo baada ya mazoezi nikampigia mwenye kofia. Namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya mauzo. Nilikaa kwenye kiti cha chumba cha matandiko. Njeri alikuwa sakafuni na vitabu vyake. Ameanza kuja tena tangu Jumapili, hatujalizungumza tena, amekuja tu.

Nikamwambia Bado hanywi kwenye ndoo iliyotundikwa ukutani. Hajawahi kunywa hivyo. Ndoo iwekwe chini kwenye kona, upande wa kushoto wa mlango, na mtu asimame nje asimtazame. Nikamwambia asimpandishe kwenye trela wa kwanza, apande wa mwisho. Nikamwambia bandeji ya mguu wa nyuma wa kulia isikazwe. Kwamba shayiri ya asubuhi ailowanishe. Kwamba akiuma mlango si hasira, anataka kukimbia. Nilikuwa naongea kwa haraka na hakunikatiza hata mara moja. Nilisikia anaandika.

Mwishoni akauliza kama nitakuwa hapa mwaka ujao. Nikamwambia sijui. Wanasema Austin wataamua kabla ya kiangazi. Wanasema mengi. Fomu ya kuomba vyumba vya msimu ujao imekaa mezani wiki mbili. Akasema na yeye hajui, na kwamba mazizi yao huko pia yana vyumba vitupu. Tukaagana, watu wawili wasiopendana.

Njeri alikuwa ameacha kusoma. Akachukua ile fomu mezani, akaandika tarehe ya leo juu, kisha akanipa kalamu. Pameandikwa: idadi ya vyumba unavyoomba. Nikahesabu farasi waliobaki, nikaandika 6.

Jioni ujumbe umeingia kutoka Dallas. Amekunywa ndoo mbili.

Ndoo moja ni lita 19. Mbili ni 38. Zinamtosha.