Habari ya Kazi

Kericho,
13 Agosti 1933

Mpendwa kaka Lazarus,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U mzima? Mguu ulioumia relini umepona, au bado unachechemea ukijifanya mzee? Shemeji Jerusa na watoto hawajambo? Natumaini huko Kampala kuna jua. Sisi ni wazima, ila mvua ya mawe inanyesha kila alasiri na imetoboa mboga zote za shemeji yako Celine.

Sasa sikia habari yangu. Nimeachishwa kazi kiwandani tangu mwezi uliopita. Bei ya chai imeanguka huko Ulaya, mashine zimesimamishwa, na sisi tuliokuwa tukizihudumia tumeambiwa twende zetu. Bwana mkubwa alisema tulifanya kazi vizuri, akatia sahihi kipande changu kwamba nimeachiliwa, nikamshukuru. Kaka, nilimshukuru! Mpaka leo sijui nilikuwa nashukuru nini.

Sikusikia uchungu, na hata sasa siusikii. Nimekufa ganzi tu, kama mkono ulioulalia.

Jioni ile nilipofika nyumbani, Celine aliniuliza kama kawaida, "Habari ya kazi?" Nikajibu, "Nzuri." Unajua jinsi salamu inavyojijibu yenyewe. Nilitaka kumwambia ukweli, lakini alikuwa ameshageuka kupakua ugali. Asubuhi nikavaa nguo za kazi nikatoka, na tangu hapo natoka kila siku. Nazunguka mashamba nikiuliza kazi, na nikichoka naketi mtoni mpaka saa za watu kurudi.

Kila mtu ananiuliza habari ya kazi. Mureithi mwenye duka, wazee wa kanisa, hata mama wa Kipsigis anayetuletea maziwa. Wote nawaambia nzuri. Jumapili moja Celine akiwa na homa nyumbani, mchungaji aliwaita wenye shida wasimame waombewe. Ogari, aliyeachishwa siku moja nami, alisimama akalia. Baadaye nilimpa mkono wa pole, mimi bwana mwenye kazi!

Ninayemwogopa hasa ni Celine. Aliwaacha watu wake akanifuata kwenye baridi hii kwa ajili ya kazi ile, na ndugu zake hawakutaka. Akijua, labda atarudi kwao. Nalifikiria jambo hilo kama la mtu mwingine, na hilo ndilo linalonitisha.

Mama usimwambie. Nitakwenda nimwambie mwenyewe. Nisalimie Oyoo na Dorcus, na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona.

Celine ameketi hapa karibu anachambua mboga zilizobaki. Anawasalimu sana, hasa Jerusa. Sasa hivi ameniuliza nakuandikia nini kirefu hivi. Sijui nilivyofungua mdomo, kaka, lakini nimemwambia, "Namwambia kaka kwamba kazi yangu imekwisha."

Hakuinua kichwa. Amesema, "Vizuri, mwambie. Mimi nilijua siku nguo zako zilipoacha kutoa maji ya rangi ya chai nikizifua." Kisha ameniuliza kama kesho bado nitataka anifungie viazi vya kubeba, au tutakula pamoja hapa.

Niishie hapa, sioni vizuri ninachoandika. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Joab