Mahindi Yaliyoota Miguu

Mjukuu wangu Kambale,

Wasalimie wote huko Kinshasa. Sisi Musienene tuko wazima, na mwambie mama yako kwamba mbuzi aliyetuachia amezaa mapacha. Nimemaliza shule juzi tu, lakini mama yako ni binti wa kaka yangu mkubwa, kwa hiyo mimi ni koko yako, yaani bibi yako, na kama koko nakujibu: usikate ile mizizi inayoota juu ya udongo kwenye mahindi ya ndoo yako!

Shamba langu la kwanza lilifanya vilevile. Babu yako, huyo kaka yangu, alinicheka: “Mahindi yako imeota miguu! Kesho itakimbia mpaka Butembo mjini.” Niliona haya, nikachukua kisu. Baba akanizuia: “Hapana kukata! Iko inatafuta fasi ya kusimamia. Uipe udongo.” Tukarundika udongo mpaka ile miguu ikafunikwa.

Siku hiyo hapakuwa na upepo hata kidogo. Baadaye, usiku mmoja, upepo ukaja na mvua kubwa, udongo ukawa laini kama uji. Asubuhi nilikwenda shambani nikiogopa kutazama. Mahindi yote yalikuwa yamesimama. Mimi, ambaye hata kanisani ninafungua mdomo tu bila sauti, niliita kijiji kizima waje kuona.

Koko yako,
Kavira