Nyumbani Kumepoa

Ng'ambo, Tabora mjini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umechoka kumuuliza dereva wa lori la asali kama amebeba karatasi yangu. Miezi miwili ni mingi, na sina cha kujitetea ila kwamba kila nikikaa kuandika, usingizi unanikuta na kalamu mkononi. Unisamehe. Mgongo wako unaendeleaje? Baba ameshatoka kambini, au bado yuko porini na mizinga yake ya nyuki? Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika.

Mgahawani naingia alfajiri, nasukuma chapati na kuosha masufuria hadi saa tisa, kisha naenda darasani moja kwa moja na harufu yangu ya vitunguu. Tuko kumi na wawili tunaorudia kidato cha nne, wengi watu wazima. Hesabu bado inanishinda. Kiswahili nimekipenda, hasa sasa tunapochambua hadithi na mashairi. Kumbe maneno yetu ya kila siku yana majina! Baba anapobisha hodi kwenye mzinga na kuwaita nyuki wakwe zake, ile ni tashihisi. Na uliponiita kupe wa mgongoni mwako, ile ni sitiari, Mama, na bado inauma.

Wiki iliyopita mwalimu alifundisha tafsida, yaani kulisema jambo zito kwa maneno laini, akataka mifano ya makwetu. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza kwamba kwetu, mtu akiwa kambi ya asali hapelekewi habari mbaya. Hata mbuzi wakifa, hata mtoto akiwa na homa, mjumbe husema nyumbani kumepoa, kwa sababu nyuki humjua mtu aliyechafuka moyo, wakamvamia. Mwalimu alifurahi, akaomba mfano mwingine. Mimi kwa kujisifu nikatoa barua yako mfukoni nikaisoma, pale unapomtaja mwanangu: nyumbani kumepoa, Nyamizi hajambo, siku hizi hasumbui kabisa.

Mwalimu akasema, "Sasa tuondolee ule ulaini. Hapo mama amesema nini?"

Nyuma yangu hukaa Bi Mwajuma, muuza vitenge, mama wa watoto watano, ambaye kila siku hunitania kwamba sisi Wanyamwezi tulizaliwa na mzigo wa msafara kichwani. Siku hiyo hakutania.

"Mtoto wa miaka miwili hasumbui?" akasema. "Mwenzangu, huyo ama anaumwa, ama ameacha kukungoja."

Nilirudi chumbani nikatandaza barua zako zote kitandani, nikazisoma penseli mkononi kama tunavyofundishwa. Katika ya kwanza, Nyamizi analia akisikia lori. Katika ya pili anauliza kama nimo ndani yake. Katika ya tatu lori linapita naye anaendelea kucheza. Hii ya mwisho ina mistari tisa, na lori halimo.

Kesho yake nilikwenda stendi na begi langu. Nilikaa kwenye gari mpaka likaanza kujaa, kisha nikashuka. Mama, usidhani nilishuka kwa urahisi. Zimebaki wiki tatu nifanye mtihani. Nikifaulu naingia chuo cha ualimu wa chekechea, nipate kazi na chumba ambacho mimi na mwanangu tutafunga mlango wetu. Nikiondoka sasa, nitakuja kumbeba wiki moja na kumwacha tena miaka.

Kwa hiyo ninabaki. Lakini usiniandikie tena kama mtu aliye kambini. Mimi si mrina asali. Kama anaumwa, andika anaumwa. Kama anakuita wewe mama, andika hivyo hivyo. Nitalia, na asubuhi nitasukuma chapati. Nikisoma tena kwamba nyumbani kumepoa, nitapanda gari siku hiyo hiyo hata kama mtihani ni kesho.

Nisalimie bibi, umwambie ule ushanga wake ningali nao kiunoni. Msalimie shangazi wa mtoni, na kaka akitoka shamba la tumbaku mwambie namkumbuka. Baba akirudi mpe shikamoo yangu kabla hajavua buti. Ni mimi mwanao, Kalunde, ninayekupenda hata ninapokufokea kwa karatasi.

Lori linarudi Jumamosi. Ninachohitaji ni hiki: karanga kibaba kimoja, zisikaangwe. Michembe ya viazi vyetu vilivyokaushwa, ya kutosha wiki tatu, maana viazi vya hapa havina utamu. Cheti changu cha kuzaliwa, kiko chini ya godoro upande wa ukutani. Kitambaa anacholalia Nyamizi, usikifue. Na mguu wake: mkanyagishe kwenye karatasi, uzungushe penseli, uniletee karatasi hiyo nimnunulie viatu. Mguu wa kulia. Na usimshike, Mama, nataka mstari huo uniambie kama ni mzima. Awe amesimama mwenyewe.